Pete ya Saba: Siku Kumi Oman na Ala ya Jambia la Babu

Nimerudi Unguja wiki tatu zimepita. Njiani nilikuwa nikiandika nyuma ya risiti na kupiga picha kila kitu, mpaka vibao vya barabarani. Nimeyapanga siku kwa siku kabla bei hazijanitoka kichwani.

Safari hii imeletwa na jambia la babu. Tangu nijitambue limefungwa kanga kuukuu, limelala juu ya kabati la baba. Mpini wake umevikwa fedha mbele, mgongoni pembe iko wazi. Ala ni ya mbao na ngozi, juu yake fedha iliyofumwa kwa nyuzi nyembamba kama za kushonea kofia, na ncha yake imekunjwa mpaka inatazama juu. Katikati ya ala pamepita safu ya pete za fedha. Zinatakiwa saba, zipo sita. Iliyokosekana ni ya pembeni, moja kati ya zile zinazoshika mshipi, kwa hiyo jambia halivaliki. Miaka yote jibu la baba ni moja: "Ilidondoka kisimani, Kikwajuni, mimi mtoto."

Sasa mtoto wa kaka yangu anaoa, na anataka kutoka na joho, kilemba na jambia la babu wa baba yake, si la kukodi. Niliwaendea masonara wawili hapa Mjini. Wa kwanza alitaka kubandika pete ya chuma cha pua. Wa pili alitaka nimwachie "mpaka mwezi ujao", na jicho lake sikulipenda. Shangazi yangu yuko Muscat tangu miaka ya sabini. Nilipompigia akasema: "Ilete huku, mwanangu. Huku ndiko kwao."

Kabla ya kufunga mzigo

Mtu mmoja anayejua mambo haya alinitoa uani, akaushika mpini uelekee jua. Pembezoni pembe ilipitisha mwanga, rangi ya asali, na ndani yake nyuzinyuzi kama nywele zilizobanwa. "Faru," akasema. Waarabu huiita zarafu, na ndiyo iliyokuwa ikitafutwa kuliko zote kwa mipini. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1977, lakini majambia, hasa ya Yemen, yaliendelea kuila. Faru weusi wa Afrika walikuwa kiasi cha 65,000 mwaka 1970. Kufikia 1995 hawakufika 2,500. Ukipita uwanja wa ndege na mpini wa namna hiyo, hakuna afisa atakayesikiliza hadithi ya babu.

Basi jambia lilibaki juu ya kabati. Nikachukua ala peke yake, picha za mpini, na barua ya watu wa Mambo ya Kale kwamba kitu kinatoka na kitarudi. Barua ile ilinigharimu asubuhi tatu za kukaa kwenye benchi. Usiiruke. Na kama una jambia zima lenye mpini wa mbao, liweke kwenye begi la kupakia, usithubutu kulibeba mkononi.

Siku ya 1, Jumamosi

Ndege ilikuwa ya saa tisa mchana, tukaruka saa mbili usiku. Sababu tulizopewa zilikuwa tatu tofauti na zote kwa sauti ya upole. Tukagawiwa maji na keki iliyokauka. Mama mmoja wa Pemba aliyekuwa akienda kumtazama mwanawe alifungua kikapu chake, akatoa mkate wa kumimina akatugawia safu nzima ya viti.

Muscat, kijana wa forodha aliifungua kanga, akaitazama ala, akaniuliza kwa Kiarabu ya nani. Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha madrasa: ya babu. Akahesabu pete kwa kidole, akafika sita, akanitazama. Nikacheka, naye akacheka. Barua hakuisoma.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa akinisubiri nje tangu magharibi, maskini.

Siku ya 2, Jumapili

Soko la Muttrah. Nenda asubuhi au baada ya alasiri, kwani saa saba mchana maduka yanafungwa na hayafunguliwi mpaka saa kumi, na huko nje jua halina huruma. Upande wa baharini yamejaa marashi, pashimina na vikumbusho vya wageni. Majambia ya kweli yako ndani zaidi, kwenye vichochoro ambako taa huwashwa mchana.

Nilijifunza jambo la kwanza kwa aibu. Duka la mbele nilionyeshwa jambia "la zamani sana" kwa riali 45. Riali moja ni dola 2.6, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Lilinipendeza. Binamu akalichukua, akasugua kwa dole gumba penye vichwa vya nakshi, mahali ambapo kitu cha zamani hulika kwanza. Pakaonekana wekundu wa shaba. Halafu akaligeuza: mgongoni bati tupu. Ala ya kweli hata mgongoni, mahali pasipoonwa na mtu, imefanyiwa kazi. Tangu hapo kila kitu nimekigeuza kwanza.

Duka la nne lilikuwa la mzee aliyekaa juu ya busati na miwani imefungwa uzi. Nilipofungua kanga hakuigusa ala mpaka alipopangusa mikono. Kisha, kwa Kiswahili cha Unguja safi kuliko changu: "Hii Saidia. Wewe wa mtaa gani? Ng'ambo?" Nikamwambia Kikwajuni. Yeye alizaliwa Malindi. Ikawa si biashara tena, kahawa ikaletwa, na kwa muda wa saa nzima tulizungumzia nani alikuwa akiuza halua wapi.

Alinieleza hivi. Oman kila upande una jambia lake. La Nizwa ni kubwa na zito. La Sur ni dogo, jepesi. Kuna la Batina na la kusini, Dhofar. Mengi yana pete nne. La pete saba, lenye mpini mpana juu uliovikwa fedha yote mbele, ndilo Saidia, jambia la Busaidi, ukoo wa masultani. Masimulizi yanasema mtindo ule wa mpini ulibuniwa na mke wa Kiajemi wa Sayyid Said bin Sultan, yule yule aliyehamishia makazi yake Unguja. Ndiyo maana ukitazama picha za masultani wetu pale Kasri ya Forodhani, viunoni mwao unaona mpini huo huo.

"Lakini kwa babu yako," mzee akaongeza, "haina maana alikuwa Busaidi. Ina maana alikuwa na pesa mwaka mmoja."

Pete hafanyi. Macho. Akasema tuulize Nizwa.

Chakula: mishikaki ya barabarani karibu na bahari, baisa 200 kijiti (baisa elfu moja ni riali moja), na ukwaju wa kuchovea. Nikajiona niko Forodhani.

Siku ya 3, Jumatatu

Mji wa zamani wa Muscat, makumbusho mawili. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 2016 mbele ya kasri ya Al Alam, yana ukumbi wa silaha ambao ukiuingia na haraka utajuta. Bait Al Zubair ni madogo, ya familia, yamefunguliwa tangu 1998, na majambia yake yamepangwa kwa mikoa kiasi kwamba yale maneno ya mzee wa Muttrah niliyaona yamesimama kwenye vioo. Kama una siku moja tu, anza na haya madogo.

Jambia liko kila mahali nchini humu. Liko kwenye bendera tangu 1970, kwenye noti, kwenye milango ya serikali, na mwaka 2022 ufundi wake na desturi zake ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO. Lakini mtaani sikumwona mtu kalivaa siku hizo tatu. Ni vazi la harusi, Idi na ofisi kubwa.

Usiku shangazi alifungua kasha lake. Nilidhani nitaona kekee mbili tatu, zile bangili za fedha. Akatoa mafurungu ya miguu yaliyo mazito kama mawe ya mizani, kekee, mikufu, mrashi wenye shingo ndefu, chupa ya wanja yenye mnyororo, na hirizi ya fedha, kile kikebe cha mstatili cha kutilia karatasi ya aya, kikiwa kimeninginizwa reale tano, zile sarafu za zamani za fedha. Hapo nikaelewa kwamba nimekuja kutafuta kitu cha wanaume katika nchi ambayo fedha nyingi ilikuwa mikononi mwa wanawake. Fundi aliyefua jambia ndiye aliyefua na mafurungu, kwa fedha ile ile. Tofauti ni kwamba mafurungu yalikuwa mali ya mwanamke mwenyewe, mahari yake, na siku ya shida aliyauza bila kumwomba mtu ruhusa.

Niliposema hivyo shangazi alinyamaza kidogo.

"Baba yako anasemaje kuhusu ile pete?"

"Kisimani."

"Kisima gani!" Akacheka mpaka akajifuta macho. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, zile siku za foleni za mchele, babu keshafariki, bibi aliing'oa pete ile kwa koleo la jikoni. Mafurungu yake yalikuwa yameshakwenda zamani. Akampelekea sonara usiku, akarudi na mchele pishi mbili. "Usimwambie baba yako," shangazi akasema. "Mwache na kisima chake."

Sikulala mapema.

Siku ya 4, Jumanne

Kwenda Sur kwa gari la binamu, kilomita 200 na kitu, barabara kuu ya pwani, milima mikavu kushoto kwako ukirudi na bahari kulia. Petroli ilikuwa baisa 230 hivi kwa lita, tukajaza tangi kwa bei ambayo nyumbani usingefika Nungwi na kurudi mara mbili. Tulisimama kwenye shimo la Bimmah, maji ya kijani chini ya ngazi, kuingia bure. Vaa nguo ya heshima ya kuogea au usioge.

Sur ndiko majahazi yalikofungwa na kutoka kwenda kwetu na kaskazi. Ufukweni wameliweka Fatah al-Khair, jahazi kubwa la aina ya ghanja lililoundwa hapo hapo mwaka 1951. Nilisimama chini ya tezi yake nikatazama maua yaliyochongwa na nikaona kazi ile ile ya milango ya Mji Mkongwe.

Nyuma ya kiwanda cha majahazi tulimkuta mzee wa zaidi ya miaka themanini, nahodha mstaafu, akinywa chai ya maziwa barazani kwa jamaa yake muuza fedha. Ujanani alifika Unguja, akakumbuka neno "Darajani" na neno jingine ambalo sitaliandika. Kama wenzake wote aliigeuza ala kwanza. Akaipitishia ukucha.

Maneno yake, kama binamu alivyonitafsiria: kifua cha ala, ile sehemu ya juu wanayoiita sadr, ni kazi ya Oman, kongwe kuliko vyote. Ngozi imeshonwa upya, na mshono si wa huku. Kofia ya fedha ya nchani imetengenezwa na mkono mwingine kabisa, lehemu yake ni nene, "mtu aliyezoea bangili". Sonara wa Unguja, basi. Mzee akaweka kikombe chini. Ala hii, akasema, imezaliwa mara tatu.

Nikamuuliza kama hilo linaipunguzia thamani. Alinitazama kama niliyeuliza kama jahazi lililobadilishwa ubao bado ni jahazi. Ubao hubadilishwa, mpini hubadilishwa, ubapa wa chuma ukiliwa na kutu unatiwa mwingine. Kitu kinachoulizwa ni nani alilivaa.

Wauzaji wa vitu vya kale hawasemi hivyo, nakuonya. Dukani kwao kila jambia ni "asili tupu, halijaguswa". Mimi sasa nikiambiwa halijaguswa nasogea nyuma, maana jambia lililovaliwa miaka mia lazima liguswe.

Jamaa yake alitulisha wali na papa, akakataa hata senti.

Siku ya 5, Jumatano

Sur mpaka Ibra kwa njia ya ndani: jangwa, ngamia barabarani, usingizi. Karibu na Ibra ndiko zilikotoka koo nyingi zilizofika pwani yetu na bara mpaka Tabora na Ujiji. Tulilala kwa jamaa wa jamaa. Mwenyeji alikuwa na mwembe uani, akidai mbegu yake ililetwa kutoka Unguja. Maembe hayakuwa msimu wake, kwa hiyo ushahidi sina.

Siku ya 6, Alhamisi

Sinaw, soko la Alhamisi. Fika saa moja asubuhi, kufikia saa nne limekwisha. Mabedui wanauza mbuzi na ngamia katikati. Pembeni, chini ya paa, kina mama waliovaa barakoa za Kibedui wamekaa na vitambaa vilivyotandazwa. Usipige picha bila kuomba. Niliomba mara tatu, nikakataliwa mara tatu, na hapo nikaiweka simu mkobani.

Nilikuwa nikitafuta reale. Fedha ya kazi zote hizi, za Oman na za kwetu, kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye sarafu ile ya malkia wa Austria, Maria Theresa. Aliyefariki mwaka 1780 ndiye huyo, na sarafu ikaendelea kupigwa na mwaka huo huo wa 1780 juu yake, Vienna, kisha hata London, Roma na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari Nyekundu na bahari yetu hawakutaka sura nyingine. Uzito wake gramu 28 na chembe, na katika kila sehemu elfu, 833 ni fedha halisi. Kwa hiyo sonara hakuhitaji kuuliza usafi. Alihesabu reale, akaziyeyusha, akajua mzigo wa fedha alionao. Ukitaka kitu cha reale kumi, unampelekea kumi na ujira wake.

Mama mmoja alikuwa nazo kwenye kopo la maziwa. Alianza na riali 18. Nikaigonga kwenye jiwe kama binamu alivyonifunza, ikalia. Tukamaliza kwa 12. Baadaye binamu akaniambia ningeipata kwa kumi. Sawa. Yule mama alinipa na konzi ya ndimu kavu na kunifungia mtandio vizuri, maana upepo ulikuwa unaniumbua.

Mchana Nizwa.

Siku ya 7, Ijumaa

Mnada wa mbuzi wa Nizwa ni Ijumaa alfajiri, na ukikosa umekosa wiki nzima. Wauzaji wanazunguka duara wakivuta mbuzi na kutaja bei kwa sauti, wanunuzi wamekaa katikati na nje. Hapa hatimaye nikayaona: wazee wawili watatu, kanzu nyeupe, na majambia viunoni siku ya kawaida kabisa, mmoja kalichomekea simu nyuma ya ala, mahali ambapo zamani kilikaa kile kisu kidogo.

Fundi tuliyeelekezwa na mzee wa Muttrah ana duka dogo pembeni mwa soko, chini ya ule mnara wa mviringo wa ngome. Ngome ilijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, na wanasema ilichukua miaka 12. Ipande kama una magoti. Duka lilikuwa likikaribia kufungwa kwa sala ya Ijumaa. Alitazama ala, akapima pete moja ya zamani kwa mizani ndogo bila kuitoa kwa jinsi ambayo mpaka leo sijaielewa, akasema arubaini. Nikasema ishirini na tano. Tukakubaliana riali 30, pamoja na kukaza zile nyuzi zilizolegea. Njoo kesho saa nne asubuhi.

Siku ya 8, Jumamosi

Saa nne duka limefungwa. Saa tano pia. Simu haipokelewi. Nilianza kusema maneno juu ya mafundi wa dunia nzima. Muuza tende wa jirani akatutoa kwenye jua, akatuketisha, akatia kahawa ndani ya vile vikombe visivyo na mkono, tende, kahawa tena. Ukitosheka kitikise kikombe, la sivyo ataendelea kutia mpaka moyo ukimbie. Kwa fundi kulikuwa na msiba, akatueleza. Atakuja baada ya alasiri.

Alikuja. Macho mekundu, akaomba radhi yeye, nami nikaona haya kwa yote niliyokuwa nimeyasema. Tukampa pole. Alipolisikia lile neno akalirudia: "Pole, pole." Baba yake alikuwa na duka Tabora.

Nikatoa reale. Akaigeuza, akatabasamu, akaibana akakata robo na chembe kwa mkasi mkubwa, iliyobaki akanirudishia na kichwa cha malkia kimepungua kisogo. Kipande akakitia kwenye kikombe cha udongo cheusi, akakielekezea moto wa gesi. "Baba yangu alitumia mvukuto na makaa," akasema, "mimi mvivu." Fedha ikawa nyekundu, ikakunjamana, kisha ghafla ikajikusanya ikawa tone linalotetemeka kama zebaki. Akaimimina kwenye mfereji wa chuma, ikatoka kijiti.

Akakifua kwenye fuawe, akakitia moto, akakifua tena. Fedha ikipigwa sana hukakamaa na kupasuka, moto unairudisha ulaini. Halafu bamba la chuma lenye matundu, kubwa mpaka dogo: ncha ya kijiti inapitishwa tunduni, inakamatwa na koleo, inavutwa kwa nguvu za kiuno. Tundu baada ya tundu kijiti kikawa waya. Ule mwembamba kabisa, wa kufumia maua ya ala, hupita matundu mengi zaidi, kisha hupigwa bapa na kupindwa miwili miwili. Wa pete aliuacha mnene. Akauzungusha kwenye msumari, akaukata, akaunganisha ncha kwa lehemu ya fedha iliyochanganywa ili iyeyuke kabla ya pete yenyewe. Sekunde moja zaidi na pete yote ingekuwa tone tena. Nilishika pumzi bila sababu, yeye alikuwa akimwuliza binamu habari za mpira.

Alipoitoa kwenye maji ya asidi ilikuwa nyeupe kama chaki. Akaisugua ikang'aa. Akaiweka kando ya zile sita nyeusi.

"Niitie weusi? Dakika tano, haitajulikana."

Niliwaza mchele pishi mbili. Nikamwambia aiache hivyo hivyo.

Tulitoka saa mbili usiku. Riali 30, na hakutaka chai.

Siku ya 9, Jumapili

Binamu alikuwa na kazi, akaondoka alfajiri, mimi nikapanda basi kurudi Muscat, riali mbili hivi, zaidi kidogo ya saa mbili, kiyoyozi cha kugandisha samaki. Chukua mtandio mzito. Shangazi aliishika ala, akaigusa pete mpya tu, akaifunga kwenye kanga mwenyewe.

Siku ya 10, Jumatatu

Ndege kwa wakati wake. Jumla, ukiacha tiketi na viza niliyoishughulikia mtandaoni, nilitumia riali 131, na ningetumia mara mbili yake kama si malazi ya jamaa. Asiye na jamaa Nizwa ajue nyumba za wageni za ndani ya mji wa udongo zinajaa Alhamisi usiku kwa ajili ya mnada. Weka nafasi mapema.

Nyumbani kaka alishusha jambia kutoka juu ya kabati. Baba akalichomeka alani polepole, akahesabu pete kwa kidole kama yule kijana wa forodha, akafika saba, akakirudisha kidole kwenye ile nyeupe.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Sikuweza. Nikamwambia kisa cha koleo la jikoni, cha sonara wa usiku, cha shangazi kusema nisiseme.

Baba hakuinua macho. "Pishi mbili," akasema. "Mimi ndiye niliyeubeba."